Bado Haijaisha

Esakki alinilipia tiketi kwa mkopo,
rupia mia na hamsini, nitalipa mshahara ukitoka,
akanisukuma mlangoni: "Ingia, mgeni.
Hutaelewa kitu, lakini usingizi hutaupata."
Nje, vijana walikuwa wamempanda shujaa wa mbao
aliyezidi nguzo ya umeme kwa kimo,
wanammiminia maziwa kichwani, pakiti baada ya pakiti,
nami nahesabu: hiyo ni chai ya bweni zima, wiki mbili.

Mimi ni mtu wa Dumka. Siku mbili ndani ya treni
kuja Tiruppur kuchovya fulana za watu kwenye rangi.
Kitamil changu ni maneno sita:
maji, wali, leo, kesho, haraka, haraka.
La mwisho nimelihesabu mara mbili
kwa sababu msimamizi halisemi mara moja.

Taa zikazimika.
Kabla ya shujaa, kilitokea kiatu chake.
Ukumbi ukalipuka kama bati chini ya mvua ya mawe.
Kikafuata kisigino. Mbinja.
Ukafuata mkono, unakunja mkono wa shati,
polepole, kana kwamba dunia haina kazi nyingine.
Uso ulipofika, dakika ya kumi na moja,
karatasi zilirushwa kwa makonzi gizani
hata moja nikaimeza.

Watu ishirini wakamvamia kwa zamu, kwa adabu,
kama wanaopanga foleni ya mchele wa serikali.
Aliyepigwa wa kwanza aliruka juu ya paa
akasahau kushuka.
"Ana ugomvi gani nao?"
"Wamemuua kaka yake."
"Na yule anayecheka pale?"
"Ndiye kaka yake. Tulia."

Risasi ilikuwa njiani kuelekea kifuani
walipoanza kucheza.
Milima ya theluji, imetoka wapi sijui,
msichana kavaa sari nyepesi kama ganda la kitunguu,
shujaa kajifunika koti la manyoya.
Mama mmoja mbele yetu akapaza sauti,
safu nzima ikaangua kicheko.
Esakki akanitafsiria: "Anasema,
mpe mtoto wa watu hilo koti."

Taa zilipowaka nikashukuru, nikatafuta kandambili.
"Unakwenda wapi? Hiyo ilikuwa nusu."
Tukala dengu zenye nazi, tukarudi.

Nilisinzia, kweli. Nilipoamka
shujaa alikuwa na masharubu, ni baba yake sasa,
na mama mtu anaosha vyombo vya tajiri
kwa mikono iliyochubuka kati ya vidole.
Hapo sikumuuliza Esakki kitu.
Mikono ile naijua, nimeiacha Dumka.

Kisha yule tajiri akahutubia, akahutubia,
na shujaa, kisu kikiwa begani, akajibu neno moja:
*podum*.
Watu wakasimama juu ya viti.
Mzee aliyekuwa akikoroma alisimama.
"Maana yake?"
"Inatosha."
Na baada ya kutosha
filamu iliendelea dakika arubaini.

Tulitoka jua likiwa kali kama kofi.
Tukafuata mto, nao siku hiyo ulikuwa zambarau,
rangi ya oda ya wiki iliyopita.
Nilikuwa na maneno saba.

Jumatatu, saa sita ya usiku, mvuke umetanda,
msimamizi akasema tuongeze saa mbili.
Haraka, haraka.
Neno likanipanda kooni na tarumbeta zake zote,
likafika kwenye meno, likaketi.
Nina deni la tiketi. Nina mama.

Ng'ambo ya pipa, Esakki,
bluu hadi kwenye viwiko,
akaanza kukunja mkono wa shati,
polepole,
ukunjo mmoja,
wa pili,
na huko nyuma kwenye mashine za kukaushia
mtu, sikumwona ni nani,
akapiga mbinja.